Hucheki wala hununi: tupeane uzoefu wa yale madogo yanayokuacha vilevile

Mpiga Miayo

Wakuu, salaam. Leo sijaja na shida wala habari njema. Nimekuja na jambo lililonitokea alfajiri, na tangu saa hiyo nalizungusha kichwani nikitafuta niliweke fungu gani.

Niliamka mwenyewe. Chumba giza, nje kimya. Nikajisemea bado usiku, ngoja nigeukie upande wa pili. Nikapapasa simu kuangalia saa: imebaki dakika moja alamu ilie. Moja. Sasa dakika moja utaifanyia nini? Ukisema ulale, hujakaa sawa linalia. Ukisema uzime uinuke, umejidhulumu dakika yako mwenyewe. Nikabaki chali, simu kifuani, nimeishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzie. Ikalia. Nikazima. Nikaamka.

Basi, imeisha hapo. Ingekuwa imebaki saa nzima ningefurahi, ningejifunika tena hadi kichwani. Ningekuwa nimepitiwa na usingizi ningekasirika, tena siku nzima. Lakini ile dakika haikunipa kitu wala haikuninyang'anya kitu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikapiga hodi moyoni kuuliza leo tuko upande gani, sikukuta mtu.

Tupeane uzoefu wa mambo ya namna hii. Sharti ni moja: kama ulicheka au ulinuna, hilo si la hapa. Nataka yale yaliyokuacha kama yalivyokukuta.

Usiku Mrefu

Mkuu, umenikumbusha chafya. Kichwa kimesharudi nyuma, mdomo wazi, macho yamefumba, mkono uko tayari, hata mliokuwa mnazungumza nao wamenyamaza kukupisha. Halafu haiji. Mimi ni wale ambao mwanga mkali hutupigisha chafya (ni jambo la kurithi, baba yangu naye akitoka tu juani lazima apige), kwa hiyo nikainua macho kwenye taa ili niivute. Wapi. Nikashusha mkono taratibu, nikafunga mdomo, nikasema, "Enhe, endelea."

Mpiga Miayo

Nina shaka. Chafya ikigoma inakera.

Usiku Mrefu

Inakera ikibaki imening'inia puani. Yangu iliondoka kabisa. Pua yenyewe haikumbuki.

Mpiga Miayo

Imepita.

Kalamu Butu

Mimi juzi nimevaa suruali niliyoisahau mwaka mzima, kutia mkono mfukoni nakuta noti imekunjwa vizuri kabisa...

Mpiga Miayo

Hiyo ni furaha, mkuu. Ondoka nayo.

Jirani Mwema

Foleni tatu, nikachagua ya kati. Bwana aliyekuwa nyuma yangu akaona anachelewa, akahamia ya kushoto. Nikamwekea jicho. Mnajua tena ilivyo, mtu umeshamfanya mshindani na yeye hana habari. Mbele yake wamebaki wanne, mbele yangu wanne. Wake akisogea, wangu anasogea. Kuna mama wa foleni yangu alianza kutafuta kitambulisho kwenye mkoba, anatoa leso, anatoa miwani, nikasema tayari nimeshapitwa. Kutupa jicho kushoto, na kule kuna mzee ameambiwa ajaze fomu upya. Tukafika dirishani pamoja. Tukahudumiwa pamoja. Tukatoka mlango mmoja, akaushika nikapita.

Angenitangulia, ningekuwa na la kulalamikia njia nzima. Ningemtangulia, ningejiona mjanja. Sasa nilitembea hadi nyumbani sina la kumsimulia mtu.

Hesabu Kidogo

Ndugu Jirani, wewe ulipata kitu adimu ukakipokea hivyohivyo. Watu hulalamika kwamba foleni yao daima ndiyo inayojikokota. Hakuna mkosi hapo. Foleni zikiwa tatu na zote hali moja, nafasi ya yako kuzipita zile mbili ni moja kati ya tatu. Maana yake, mara mbili katika kila tatu lazima umwone wa pembeni akikuacha. Ila mtu kutoka sare mpaka mlangoni, hiyo sijawahi kuisikia.

Na langu hili hapa. Kazini, tunajaza karatasi fulani, mwenzangu akachungulia yangu. "Tarehe yako hii ni yangu." Nikamwambia, kweli? Kweli. Na mwezi huohuo? Huohuo. Tukatazamana. Kila mmoja anamsubiri mwenziwe aseme kinachofuata, na hakuna kinachofuata. Watu wa jina moja huitana wajina, mambo yakanoga. Wa tarehe moja hawana pa kushikana. Akasema, "Haya." Nikasema, "Haya." Tukaendelea kujaza.

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Watu 23 tu wakikaa chumba kimoja, uwezekano wa wawili miongoni mwao kuzaliwa tarehe moja umeshavuka nusu. Lakini ukitaka mtu wa kulingana na wewe mwenyewe, si wawili wowote, inabidi uzungukwe na watu 253 ndipo uvuke nusu. Idara yetu ina watu kumi na wanne. Kwa hiyo lilikuwa jambo la ajabu kweli, na hata baada ya kujua hivyo moyo haukucheza.

Mama Wawili

Jamani, na kuingia chumbani ukasahau ulichofuata? Nilikuwa sebuleni, nikainuka kwa haraka zangu, nikaingia chumbani, nikasimama katikati. Nimekuja kufanya nini? Natazama kitanda, kitanda kinanitazama. Nikavuta droo moja nikaifunga, basi tu ionekane nina shughuli, na humo chumbani niko peke yangu. Nikarudi sebuleni nikakaa palepale, mkao uleule, nikitegemea kumbukumbu itarudi. Haikurudi.

Kalamu Butu

Dada, hilo lina wenyewe wanaolichunguza. Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walichapisha mwaka 2011. Waliwapa watu vitu vya kubeba, wengine wakivuka mlango, wengine wakitembea mwendo uleule ndani ya chumba kimoja. Waliovuka mlango walisahau zaidi walichobeba. Maelezo yao ni kwamba akili ikivuka mlango inafunga faili la chumba ulichotoka na kufungua jipya. Wakajaribu na kuwarudisha watu kwenye chumba cha mwanzo, kumbukumbu haikupata nafuu.

Mama Wawili

Kumbe nilirudi bure.

Mpiga Miayo

Dada, lakini hukukereka kidogo? Sema kweli.

Mama Wawili

Ningekumbuka baadaye kwamba ni jambo la maana, ningekereka. Hadi leo sijakumbuka. Nitakerekaje na kitu nisichokijua?

Mpiga Miayo

Imepita, tena kwa kishindo.

Mtu wa Pembeni

Lifti. Umeshabonyeza kitufe, kimewaka. Anakuja mwingine, anakuona umesimama, anaona kimewaka, anabonyeza tena. Ni hilo tu.

Kalamu Butu

Baada ya kufukuzwa na noti yangu nimetafuta jingine. Ngazi za umeme zimezimwa. Nimeziona kwa macho yangu zimesimama, watu wanazipanda kwa miguu. Nikasema hizi zimekufa, nami nitapanda kama ngazi za kawaida. Nikaweka mguu, kiwiliwili kikajitupa mbele kana kwamba kitabebwa. Hatua moja nikawa kama niliyesukumwa na mtu asiyekuwepo, ya pili nikawa sawa. Sikuanguka, hakuna aliyeniona. Hili nalo limepimwa: Reynolds na Bronstein, 2003, waliwazoesha watu kukanyaga jukwaa linalokwenda, kisha wakawaambia wazi kwamba sasa limesimama, na bado miili ikayumba. Masikio yamesikia, miguu haikuambiwa.

Mzee wa Kiti

Vijana, mnadhani mmegundua jambo. Wastoiki, wale wanafalsafa wa Athens walioanzia kwa Zeno wa Citium karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, waliyatengea mambo haya kapu lake. Kuna mema, kuna maovu, na kuna yasiyo upande. Na ndani ya hayo yasiyo upande wakatenga mengine yasiyomvuta mtu hata chembe wala kumsukuma. Mfano wao ni huu: nywele za kichwani mwako jumla yake ni shufwa au witiri? Au umenyoosha kidole, au umekikunja? Mimi upara umeniingia, hesabu hiyo inazidi kuwa nyepesi kila mwaka, na bado sina haja ya jibu. Wabuddha nao katika mafundisho yao huhesabu hisia tatu: ya raha, ya maumivu, na ile isiyo ya maumivu wala ya raha. Ya tatu ndiyo hii ya kwenu.

Langu ni la simu. Iliita mchana nimekaa. "Shikamoo." Marahaba. "Hamjambo huko?" Hatujambo, sijui ninyi. "Sisi wazima. Na mguu unaendeleaje?" Nina mguu unaonisumbua kweli, nikamwambia umepata nafuu, usiku ndio unavuta kidogo. "Pole. Na watoto?" Wapo, wanaendelea na masomo. Tukaenda hivyo, nami natafuta sauti hii ni ya nani katika ukoo, naona haya kuuliza. Mwishowe akaniita kwa jina, na jina si langu. Akanyamaza. Nikanyamaza. "Samahani mzee, nimekosea namba." Bila samahani, mwanangu. Tukaagana vizuri kuliko ninavyoagana na baadhi ya ndugu zangu.

Mpiga Miayo

Shikamoo mzee. Hiyo kweli si ya kufurahisha?

Mzee wa Kiti

Marahaba. Ningefurahi kama salamu zile zingekuwa zangu.

Usiku Mrefu

Ila kuna mzee mahali fulani hakuulizwa mguu wake siku hiyo.

Mzee wa Kiti

Alipigiwa baadaye, naamini. Tusianze kumhuzunikia, tutavunja sharti.

Dirisha Wazi

Nimesoma kimya tangu mwanzo, acha nami niseme langu, ingawa ni refu.

Nilipoteza ufunguo wa nyumba. Niliutafuta hadi nikaanza kutafuta mahali ambapo ufunguo hauwezi kukaa, ndani ya viatu vya watoto, nyuma ya jokofu, kati ya kurasa za kitabu. Siku tatu naingia kwa ufunguo wa mwenzangu, namsubiri mlangoni kama mgeni. Ya nne tukaita fundi, akang'oa kitasa, akaweka kipya, akatupa funguo mpya tatu. Hizo siku nne nilinuna, nakiri. Lakini zilipita, nikasahau.

Miezi mingi baadaye mvua ikanyesha, nikatoa koti la mvua. Kulivaa nikahisi kitu kinagonga paja, chini kabisa kwenye pindo. Nikatia mkono mfukoni: mfuko una tundu. Nikalipapasa koti kwa nje, nikalifuata lile umbo kwa kidole, na nikalijua kabla sijaliona. Meno matatu, kichwa cha duara, na uzi mwekundu nilioufunga mwenyewe nisiuchanganye na mwingine. Nikausukuma mpaka kwenye tundu, ukatoka.

Sasa niko na ufunguo mkononi. Nilisubiri nifurahi, maana nimekipata nilichokitafuta nusura nibomoe nyumba. Haikuja. Nikasubiri nikasirike, kwamba umekuja leo, wakati fundi ameshalipwa. Nayo haikuja. Nikaenda mlangoni, sijui kwa nini, nikauingiza kwenye kitasa kipya. Ukaingia nusu, ukagoma. Na nilikuwa najua utagoma. Nikauchomoa, nikaufuta kwa shati kana kwamba nitautumia, nikauweka mezani.

Kuutupa siwezi. Nikiushika niutie kwenye taka, mkono unakataa: ufunguo hautupwi. Kuutunza nao ni wa nini? Kile kitasa cha zamani alikwenda nacho fundi. Kwa hiyo pengine uko mlango wa mtu, mahali, unaofunguka kwa ufunguo huu, nami sitaujua. Nimeufikiria hata huo mlango, haunigusi.

Mama Wawili

Ule uzi mwekundu ungeutoa ukautumia kwa funguo mpya.

Dirisha Wazi

Nilijaribu. Fundo limekaza.

Hesabu Kidogo

Mimi ningeusahau tena makusudi kwenye lile koti.

Dirisha Wazi

Tundu nimeshalishona.

Mpiga Miayo

Huu umepita bila swali. Kwa hiyo sasa hivi uko wapi?

Dirisha Wazi

Mezani.

Mpiga Miayo

Bado?

Dirisha Wazi

Bado. Hapa nimeusogeza kidogo ili niweke simu.