Tupeane uzoefu: ulipataje nafasi ya utafiti kwa profesa ukiwa bado sekondari?

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba waliowahi kushiriki utafiti chini ya profesa wa chuo kikuu kabla ya kumaliza sekondari waeleze walivyoanza na walivyojibiwa, kwa kuwa wadogo zetu wengi huamini kwamba mlango huo hufunguliwa kwa mwenye ndugu chuoni tu. Naanza na langu.

Nikiwa na miaka 17 niliandika barua pepe 40 kwa siku mbili, zote za maneno yaleyale, nikibadilisha jina la profesa tu. Hakuna aliyejibu. Mwalimu wangu wa fizikia alipoisoma mojawapo aliniuliza, "Huyu anatafiti nini hasa?" Sikuwa na jibu. Basi kwa wiki tatu nikaisoma makala moja ya mtaalamu wa elimu ya nyota, niliyoipata bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi iliyoanzishwa mwaka 1991. Nilianza na ikisiri, nikaruka milinganyo, nikatazama michoro, nikasoma hitimisho, kisha nikarudi mwanzo. Hata hivyo sikuelewa nusu yake. Barua yangu mpya ilikuwa fupi: mimi ni nani, ni jambo gani katika mchoro mmojawapo lililonitatiza, na ombi la kusaidia kazi yoyote ndogo kwa saa tano kila wiki. Alijibu baada ya siku tisa, akanikabidhi kwa mwanafunzi wake wa uzamivu. Kwa miezi kadhaa nilikagua data za darubini ya anga ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009 na ambayo data zake ziko wazi kwa umma, nikitenga nyota zilizobadilika mwangaza kweli na zile ambazo kifaa ndicho kilichokosea. Ni kazi ya kurudiarudia na inachosha macho, lakini ndimo nilimojifunza kutilia shaka matokeo yangu mwenyewe.

Wengi hutaja mfano wa Jack Andraka wa Marekani, ambaye kabla ya kushinda tuzo kuu ya maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya Intel mwaka 2012, akiwa na miaka 15, aliwaandikia takriban maprofesa 200 na kukubaliwa na mmoja tu. Watu hukumbuka hiyo 200. Mimi naona jambo zito zaidi ni kwamba barua zake ziliambatana na mpango wa kazi, bajeti na ratiba.

Mchangiaji wa pili: Mimi nilitaka maabara ya biolojia nikakataliwa kwa sababu ya umri, kwani maabara nyingi haziruhusu walio chini ya miaka 18 kushika kemikali hatari au vimelea, na hata pale wanaporuhusu hudai idhini ya mzazi na mafunzo ya usalama. Nilipouliza kama ipo kazi isiyohitaji kuingia maabara, nilipewa picha za hadubini nihesabu seli. Laiti ningeuliza hivyo tangu mwanzo.

Mchangiaji wa tatu: Sikuwahi kupata. Nilijibiwa mara mbili kwa adabu, zote zikiwa "hapana".

Mchangiaji wa nne: Nazungumza kama mwanafunzi wa uzamivu ninayepokea vijana hao. Kumfundisha mgeni hunigharimu muda mwingi kabla hajaweza kunisaidia, na anayetoweka baada ya wiki mbili hunifanya nisite kumpokea anayefuata. Kwa hiyo nikisoma barua sitafuti alama za mtihani. Natafuta dalili kwamba mtu huyu atakuwa bado yupo miezi minne baada ya kuanza, pengine kwa kuwa ameshamaliza jambo dogo alilolianza mwenyewe. Msiwaandikie maprofesa peke yao. Tazameni jina la kwanza kwenye makala, ambalo katika fani nyingi ndilo la mtu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na mwandikieni huyo. Usipojibiwa, subiri wiki mbili kisha kumbusha mara moja. Kijana ninayefanya naye kazi sasa nilimjibu baada ya ukumbusho, kwa sababu barua yake ya kwanza ilifika katikati ya msimu wa mitihani nami nikaisahau.