Wenye kisukari aina ya kwanza: sukari ikishuka usiku mnajuaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, nina miaka 19 na sindano za insulini. Juzi nimesoma kwamba mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walieleza vifo 22 vya wagonjwa kama sisi, wa miaka 12 hadi 43. Wengi walilala wazima, wakakutwa asubuhi wamefariki, kitanda hakijavurugika. Chanzo hakijathibitishwa. Kinachoshukiwa zaidi ni sukari kushuka sana hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Ni nadra, najua, lakini usingizi umenipaa. Ninyi mnalalaje?

Mama wa mmoja: Pole, mwanangu. Wangu ana miaka 9. Siku ya michezo shuleni alilala na sukari nzuri tu. Saa nane usiku nikamgusa, shingo imelowa jasho, kipimo kinasoma 2.3 (mmol/L), chini mno. Nilimpa juisi huku mikono inanitetemeka kuliko yake. Daktari akanieleza kuwa misuli ikichoka huendelea kuvuta sukari saa nyingi baadaye, hata hadi kesho yake. Siku hizo sasa tunapunguza insulini ya usiku kwa kiwango alichotuelekeza.

Mzoefu: Kwangu dalili za sukari kushuka zilikufa kabisa. Sitoki jasho, sitetemeki. Mume wangu aliamshwa na mkoromo wa ajabu, akaniita, kimya. Akanichoma glukagoni, sindano ya dharura ya kupandisha sukari. Isingekuwa ndani ya nyumba, sijui. Baadaye daktari aliniacha nikae na sukari ya juu kidogo kwa wiki kadhaa, nisishuke hata mara moja, na dalili zikaanza kurudi. Kama nawe huzisikii, mwambie daktari wako, usinyamaze.

Msomaji wa siku nyingi: Pombe jamani. Ini likishughulika nayo halitoi sukari ya akiba. Niliacha.

Dada mtu: Kaka yangu alifariki hivyo, miaka 24. Jioni alicheka nasi. Mama alijilaumu mno kwa kutomwamsha. Tafadhali msiwaambie wafiwa kwamba mgonjwa alizembea. Wangu alikuwa anapima kila siku.

Mleta mada: Dada, pole sana. Nimelia. Mzoefu, unatumia sensa, kile kifaa cha mwilini kinachopima sukari muda wote? Kengele umeiweka ngapi?

Mzoefu: Ndiyo. 4.4, sio 3.9 inayohesabiwa kuwa sukari imeshuka. Nataka iniamshe ningali na akili ya kunyanyua glasi. Na inalia kwenye simu ya mume wangu pia, maana mimi naweza nisiisikie.