Amplifaya ya BC547: kolekta imekwama kwenye 0.1V, tatizo nini?

waya_mwekundu: Wakuu, salaam. Naunda amplifaya ya maiki (ile ndogo ya duara inayotoka kwenye redio kaseti) kwa transista ya BC547 na betri ya 9V. Rezista ya 4.7k inatoka chanya kwenda mguu wa kolekta, ya 470k chanya kwenda mguu wa besi, emita nimeipeleka hasi moja kwa moja. Kolekta inasoma 0.1V, sauti hakuna. Nikiweka 2.2M kwenye besi, transista moja inanipa 5.5V, nyingine ya namba ileile inanipa 1V na sauti inakwaruza. Baadaye nataka iendeshe spika ya 8Ω.

fundi_besi: Mkuu, transista ni nzima. Kwa 470k, mkondo wa besi ni (9 − 0.7) ÷ 470k, karibu 18µA. Ukikuza mara 200 unadai 3.6mA kwenye kolekta, lakini 4.7k kwa 9V haiwezi kupitisha zaidi ya 1.9mA. Transista imejaa (imefunguka hadi mwisho), haina pa kuchezea.

2.2M nayo inategemea kipaji cha kukuza mkondo cha transista yenyewe. BC547B (daraja B la BC547) peke yake hukuza kuanzia mara 200 hadi 450, ndiyo maana mbili hazilingani. Achana na mtindo huo, gawanya volti:

100k chanya → besi
22k besi → hasi
3.9k chanya → kolekta
1k emita → hasi

Besi itakaa karibu 1.6V, emita 0.9V, mkondo kama 0.9mA, kolekta 5 hadi 5.6V. Hapo wimbi lina nafasi ya kupanda na kushuka. Pima hizo volti tatu kabla ya kuunganisha maiki. Zikikataa, usiendelee.

Ukiishia hapo ukuzaji ni mara 4 tu (3.9k ÷ 1k). Sambamba na ile 1k weka 100Ω na kapasita ya 100µF zikiwa zimefuatana. Utapata kama mara 33. Kuna wanaoiruka hiyo 100Ω ili wafike mara 140. Sauti inakuwa kubwa kweli, ila chafu.

mita_mkononi: Naongezea. Angalia miguu: BC547, ubapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Transista ya 2N3904 ni kinyume chake, na wengi hunaswa hapo wakibadilisha.

Maiki hiyo lazima ilishwe umeme: rezista ya 10k kutoka chanya. Halafu kapasita ya 1µF kutoka maiki kwenda besi, na upande wa chanya wa kapasita uelekee MAIKI, si besi, maana maiki hukaa volti nyingi kuliko ile 1.6V. Kutoka kolekta weka 10µF, chanya kwenye kolekta.

waya_mwekundu: Asanteni sana. Kolekta sasa 5.4V. Ila nikifunga spika ya 8Ω kwenye ile 10µF, kimya.

fundi_besi: Lazima iwe kimya. Sauti inatokea nyuma ya 3.9k, na 8Ω inaimeza yote. Hatua hii hulisha kitu chenye ukinzani wa 10k na kuendelea. Kwa spika tafuta LM386 (IC ya amplifaya ya kuendesha spika): mguu 6 chanya, 2 na 4 hasi, sauti iingie mguu 3 kupitia potenshometa ya 10k, itoke mguu 5 kupitia 220µF hadi spika. Miguu 1 na 8 iache wazi. Mara 20 inakutosha.

Ikianza kutoa tu-tu-tu kama pikipiki, betri inarudisha sauti nyuma. Ilishe hatua ya BC547 pamoja na maiki kupitia 470Ω, na baada ya hiyo 470Ω weka 100µF kwenda hasi. Ikipiga mluzi badala yake, sogeza maiki mbali na spika.