Tupeane uzoefu: dereva wa basi anakataje rufaa baada ya kikao cha nidhamu? (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mwanzisha mada
Wakuu, ukikaa stendi ya mabasi ya Nyegezi au Nyamhongolo hukosi kukutana na dereva ameshika barua ya kuachishwa kazi, na ushauri anaopewa kijiweni ni mmoja tu: "kamwombe bosi msamaha." Kuomba msamaha si rufaa. Wanaoijua kazi hii, iwe upande wa ofisi, chama au sheria, waweke hapa hatua, siku na karatasi. Visa vya "mimi bosi wangu alinifanya hivi" tuviache, vimejaa kwingine.

Kigongo_Busisi
Nianze na siku, maana hapo ndipo wengi wanapofia. Mwongozo ulioambatanishwa na Kanuni za Utendaji Bora (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007) unampa mfanyakazi siku 5 za kazi kukata rufaa ya ndani baada ya kupewa uamuzi. Fomu ya nidhamu huwa na sehemu ya rufaa. Kama ofisi haikukupa fomu, andika barua ya kawaida yenye sababu zako, peleka nakala mbili na gongesha muhuri wa mapokezi kwenye yako. Wakikataa kugonga, itume kwa njia inayoacha alama: barua pepe, au rejista ya posta.

Rufaa asikilize mkubwa kuliko aliyeongoza kikao. Kwenye makampuni yetu mara nyingi meneja wa tawi ndiye aliyekushtaki, ndiye mwenyekiti, na ndiye anayepokea rufaa. Hilo peke yake ni hoja. Kanuni inataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio.

MizaniYaHaki
Nakazia kwa Kigongo. Rufaa ya dereva inashinda au inaanguka kutokana na sababu zilizoandikwa, na sababu zenyewe ni za aina mbili tu. Ya kwanza: je, kosa lilitendeka, na linastahili adhabu hiyo? Ya pili: je, utaratibu ulifuatwa? Ziandike tofauti, usizichanganye kwenye aya moja ya malalamiko.

Upande wa utaratibu kagua haya. Tuhuma uliletewa kwa maandishi na kwa lugha unayoielewa? Barua za Kiingereza kwa dereva wa Kiswahili bado zipo. Muda wa kujiandaa ulitosha? Kwa kawaida usipungue saa 48. Barua ya jioni inayokuita kikaoni kesho asubuhi, tena umetoka kulala njiani, imeshavunjika. Uliruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako? Mashahidi uliwahoji? Uliulizwa cha kujitetea kuhusu adhabu baada ya kukutwa na kosa? Hiki cha mwisho ofisi nyingi hukiruka, zinasoma hukumu na adhabu kwa pumzi moja.

Upande wa sababu, uliza kanuni uliyoambiwa umeivunja ilikuwepo kwa maandishi, uliijua, na wenzako waliofanya hivyo hivyo walipewa nini. Kama dereva wa njia ya Musoma alipewa onyo na wewe wa njia ya Bukoba umefukuzwa kwa kosa lile lile, taja tarehe na namba za magari. Kosa la kwanza kwa kawaida halifukuzishi mtu, isipokuwa liwe zito: wizi na udanganyifu mkubwa, kuhatarisha maisha kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kupiga mtu. Hapa tusidanganyane. Dereva aliyekutwa na kilevi akiwa na abiria 50 nyuma yake, rufaa ya "ni mara yangu ya kwanza" haimfikishi popote. Labda utaratibu ndio umwokoe.

Chapa_ya_VTS
Kesi nyingi siku hizi ni za mwendokasi zinazotoka kwenye VTS, mfumo wa LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) wa kufuatilia magari. Madereva wanaogopa ile chapa, yaani karatasi ya mwendo iliyochapwa kutoka kwenye mfumo, kama maandiko matakatifu, lakini inasomeka kama karatasi nyingine yoyote. Omba kwa maandishi taarifa yote ya safari, siyo mstari mmoja waliouzungushia kalamu nyekundu. Halafu angalia vitu vitatu.

Kwanza, kitufe cha utambuzi, kile ambacho dereva anagusisha kwenye gari ili mfumo ujue nani anaendesha, kilikuwa cha nani? Safari ndefu inayozidi saa 8 inatakiwa madereva wawili. Wakibadilishana usukani bila kubadilisha kitufe, kosa la mmoja linaandikwa kwa mwingine. Ndiyo maana kuazimana vitufe ni kujichimbia kaburi. Ukijitetea kwa hoja hiyo unakiri pia kwamba hukutoa kitufe chako, kwa hiyo jiandae kujibu na hilo.

Pili, mstari wa kabla na wa baada. Gari lenye abiria halitoki kilomita 62 kwa saa hadi 131 kisha kurudi 64 ndani ya sekunde chache. Mruko wa namna hiyo ni kifaa kupoteza mawimbi ya setilaiti. Lakini ukiona 84, 91, 97, 102, 96, huo si mruko, huo ni mguu. Kikomo cha basi ni 80. Piga hesabu pia ya wastani: kilomita 20 kwa dakika 16 ni 75 kwa saa. Wastani haufuti kilele cha dakika moja, ila unamsaidia mwenyekiti kuona kama gari lilikuwa linakimbizwa safari nzima. Risiti ya mizani yenye saa ni rafiki mzuri wa hesabu hiyo.

Tatu, saa. Mfumo unachapa 05:40, karani anaandika kwenye barua ya tuhuma "saa 5:40 asubuhi". Kwa Kiswahili hiyo ni karibu mchana, wakati gari liliondoka stendi saa 11 alfajiri. Tuhuma inataja muda ambao haupo kwenye ushahidi wao wenyewe. Unacheka, lakini lipo. Usilitegemee peke yake, maana linasahihishika. Liweke nyuma ya hoja nzito.

Kamera za ndani ya gari nazo hujifuta zenyewe kumbukumbu ikijaa. Omba picha siku ile ile ya barua ya tuhuma, usisubiri kikao.

Mkolani_Junior
Na sisi wa daladala tusio na mkataba? Deiwaka, dereva wa kushikia gari kwa siku, ana rufaa gani?

MizaniYaHaki
Mkuu, kukosa karatasi hakumfanyi mtu asiwe mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuhesabu mwajiriwa ukionyesha hata jambo moja kati ya yaliyotajwa: unapangiwa saa za kazi, unaelekezwa namna ya kufanya, unamtegemea yeye kiuchumi, umefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, na mengine. Meseji za kutuma hesabu kila jioni zinathibitisha mengi, usizifute. Ila ukiwa na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali hunayo.

Hesabu_ya_Jioni
Niongeze la makato. Hesabu ikipungua au taa ikivunjwa, mwajiri hakati tu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara halisi, na jumla yasizidi robo ya mshahara wako. Kukatwa chote ni hoja tosha.

Kwenye ajali, tafuta daftari la ubovu wa gari. Kama uliandika "breki zinavuta upande" Jumatatu na gari likapangiwa safari Jumanne, uzembe umehamia gereji. Usipoandika, neno lako linapambana na la fundi, na fundi bado yuko kazini.

Kigongo_Busisi
Rufaa ya ndani ikigonga mwamba, ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi ipo hapa Mwanza. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Siku 30 zinaweza kuhesabiwa tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho au wa kuthibitisha kukuachisha. Mtego ni kwamba kampuni nyingine hazijibu rufaa kabisa, na dereva anakaa kusubiri. Ikifika siku ya 20 bila jibu, peleka fomu. Ukichelewa unalazimika kuomba kuongezewa muda kwa kiapo, ukieleza kila siku iliyopotea.

Fomu Na. 1 inapelekwa kwanza kwa mwajiri, kisha unaisajili ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Wa kuachishwa kazi wanajaza na Sehemu B. Jaza zote mbili, sababu na utaratibu, na taja unachodai kwa tarakimu: mishahara, likizo, nauli ya kurudi ulikoajiriwa. Usichokidai kwenye fomu ni taabu kukipata baadaye. Usuluhishi una siku 30, ukishindikana unaingia uamuzi, ambapo mwamuzi wa Tume anasikiliza ushahidi na kuamua. Huko mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Usikose siku ya usuluhishi, shauri linaweza kufutwa.

Waliokuwa kwenye magari ya serikali au halmashauri wasianzie CMA. Njia yao ni Tume ya Utumishi wa Umma.

Mkolani_Junior
Wabeja sana. Wakisema "saini hapa kwanza ndiyo tukupe barua"?

Chapa_ya_VTS
Soma kilichoandikwa juu ya mstari. Kama ni mapokezi, saini na uandike kwa mkono wako "nimepokea, sikubaliani", tarehe na saa. Kama ni barua ya kuacha kazi kwa hiari, usiguse kalamu. Na leseni halisi usiiache mezani kwao, wape nakala.