Naombeni ushauri: mtoto anaumwa ini, sasa wanasema na figo zimeguswa

Habari zenu wakuu, nipo Dodoma huku Nkuhungu. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 6, ini linamsumbua toka mchanga, tumbo linajaa maji na anakunywa dawa za kukojoza, sasa juzi kapimwa damu kreatinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo ndo huutoa) imepanda na mkojo umekuwa kidogo, dokta anasema ini likichoka sana damu inayofika kwenye figo inapungua ndo zinafeli hata kama zenyewe hazina ugonjwa. Kilichonichanganya zaidi eti mtoto akikonda misuli hiyo kreatinini inaweza isome kawaida kumbe figo zishaanza kuzingua, na sisi majibu ya nyuma tulikuwa tunashangilia jamani. Diklofenaki na Brufen marufuku, akiharisha au akipata homa tumuwahishe haraka. Bibi yake kaleta mizizi toka Kondoa, mi nimegoma, basi nyumbani hapakaliki.

Tuna rufaa ya hospitali ya Benjamin Mkapa. Mliowahi kuuguza mtoto wa hivi, nikaulizie vipimo gani? Hizo dawa za kukojoza huwa wanapunguza au wanasimamisha kabisa? Na chumvi je, maana huyu bila mlenda hali