Mlangoni mwa launji ya uwanjani: mgeni anapita, mwenyeji mwenye kadi ya dhahabu anahojiwa

Assalaam aleikum wana-Zanzibar na wasafiri wote mliomo humu.

Naandika nikiwa na hasira. Nilingoja siku nne zipite nikidhani nitapoa, sikupoa, na kila nikimtazama mama yangu alivyolala kitandani huku ugenini nazidi kuumia.

Jumatano iliyopita usiku nilikuwa nampeleka mama India kutibiwa. Ana miaka 74, ana sukari, na nyonga imemchakaa hata kusimama kwa dakika tano ni mtihani. Tulifika uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mapema makusudi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: tumalize mizigo, uhamiaji na ukaguzi, nimchome insulini, kisha tuingie launji, ule ukumbi wa mapumziko wa wasafiri maalumu, ale chakula cha maana, aswali Isha kwa utulivu, anyooshe mguu mpaka tuitwe. Wenye wagonjwa wa sukari majumbani mnajua: ile insulini ya chakula ukishaichoma, chakula hakingoji. Nikamchoma, kwa sababu mlango wa launji nilikuwa nauona kwa macho yangu na haki ya kuingia ninayo.

Haki hiyo sikupewa na mtu kwa upendeleo. Nauza nguo Mchangani, mwaka wa kumi na moja huu. Naenda China, naenda Uturuki, mara sita kwa mwaka, mwaka mwengine mara nane, siku zote daraja la kawaida, magoti yamegusa kiti cha mbele. Maili, zile pointi za kila safari, nimezikusanya kwa mgongo wangu mpaka shirika likanipandisha ngazi ya dhahabu. Kuna wanaopata launji kwa kununua kiti cha bizinesi, lile daraja la juu, na kuna wanaoipata kwa kuwa wateja wa kudumu. Mimi ni wa kundi la pili, na makundi yote mawili yamo kwenye masharti ya mashirika yenyewe.

Dada wa kaunta ya mizigo alikwishamaliza kazi yake vizuri, Mungu amlipe. Aliingiza namba yangu ya uanachama, mashine ikaikubali, bodingi pasi, ile karatasi ya kupandia ndege, ikatoka na alama ya dhahabu imechapwa pembeni ya jina langu. Akaniambia kwa mdomo wake, "Launji unaingia wewe na mgeni wako mmoja." Mgeni wangu ni mama.

Sasa mlangoni. Mbele yetu walikuwepo watalii wawili, mume na mke, wamevaa kaptura na kandambili za pwani. Mume akanyoosha simu, dada wa mlangoni akaipitisha kwenye mashine, "karibuni sana", wameingia. Sina ugomvi nao, wamelipa nauli yao. Nikasogea mimi, nimevaa buibui langu, mama yumo kwenye kiti cha magurudumu na kanga begani. Nikatoa bodingi pasi zote mbili. Yule dada hakuziweka kwenye mashine. Alinitazama mimi, akamtazama mama, ndipo akazitazama karatasi. "Dada, huku ni kwa wa bizinesi."

Nikamwonyesha alama. "Mimi ni mwanachama wa dhahabu, hii hapa."

"Kadi yenyewe iko wapi?"

Nikafungua simu, kadi ikatokea, jina, namba, tarehe ya kwisha.

"Ya plastiki."

Nikamwambia shirika langu halijanitumia ya plastiki, kadi ninayo kwenye simu tu. Akataka tiketi iliyochapishwa. Jamani, mashirika ya IATA, ile jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, yaliachana na tiketi za karatasi tarehe 1 Juni 2008! Nikampa ile karatasi ya wakala niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akaisoma, akataka kadi ya benki niliyolipia. Nililipa taslimu kwa wakala mjini, kama wanavyolipa wafanyabiashara wengi wa hapa. Hilo ndilo lililomtia shaka zaidi! Akasema, "Basi subirini msimamizi aje," akatuelekeza tukae kando ili tusizibe njia. Na njia kweli ilikuwa na watu: nilihesabu saba walioingia tukiwa pale kando. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa plastiki. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kalipa kwa njia gani.

Dakika zikaenda. Kama ya ishirini na tano hivi nikaona mama ananyamaza. Kisha jasho kwenye paji la uso, kwenye ubaridi wa kiyoyozi ule. Nikamshika mkono, unatetemeka. Nilikuwa na tende chache kwenye mkoba, nikamtia mdomoni moja moja, kijana aliyekuwa anasukuma kiti (simjui jina, namwombea kheri kila nikiswali) akatoka mbio kwenda kununua soda kwa pesa yake. Yule dada anaona. Anaona kabisa! Nikamwambia, "Mama ameshachomwa sindano, mwache aingie akae, mimi nibaki hapa nje na paspoti yangu uishike." Akanijibu kwamba mgeni haingii bila mwanachama, na mwanachama bado hajathibitishwa.

Mama alipopata nguvu akanivuta buibui. "Mwanangu, mie nishachoka na maneno. Twende tukakae na wenzetu kule." Mama yangu huyu kanilea kwa kukaanga mandazi alfajiri ili mimi na ndugu zangu tusome skuli. Safari moja tu nilitaka akae pazuri kwa jasho langu, na yeye ndiye anayeniomba tuondoke, kama kwamba tumeingia pasipo petu.

Msimamizi alifika baada ya dakika arubaini. Akachukua bodingi pasi, akatazama alama, akaipitisha kwenye mashine, ikalia mara moja. "Anaruhusiwa, na mgeni wake." Haikufika hata nusu dakika. Nikamuuliza kwa nini tumewekwa muda wote huo. "Ni utaratibu." Samahani hakusema yeye, hakusema yule dada.

Haya, tuuzungumze huo utaratibu, maana naujua. Nimeshapita launji nyingi na masharti nimeyasoma.

Miungano mikubwa ya mashirika ya ndege, yaani vikundi vya mashirika yanayotambua kadi za wenzao, ipo mitatu: Star Alliance ilianza 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Kila mmoja una ngazi zake. Star Alliance wanaita Gold, SkyTeam wanaita Elite Plus, oneworld ni Sapphire na Emerald. Majina tofauti, msingi mmoja: ukiwa na ngazi hiyo na siku hiyo unasafiri na ndege ya shirika la muungano, unaingia launji na mgeni mmoja, hata kama umekata kiti cha nyuma kabisa. Mgeni naye awe anasafiri na ndege ya muungano huo huo. Yapo masharti ya pembeni, kwa mfano SkyTeam wanataka safari iwe ya kimataifa, na linaloangaliwa ni shirika linaloirusha ndege, si lile lililoweka namba yake tu kwenye tiketi. Sasa angalieni vitu gani vinahitajika kuyathibitisha hayo: nani msafiri, ndege gani, tarehe gani, ngazi gani. Vyote vimo kwenye bodingi pasi. Wala launji haijali nauli ililipwa kwa kadi, kwa simu au kwa noti. Hakuna muungano hata mmoja kati ya hiyo wenye sharti la kadi ya benki.

Najua pia kwa nini watu wa mlangoni wanakuwa wakali. Launji nyingi si mali ya shirika la ndege. Ni za mwendeshaji mwengine, na shirika humlipa kwa kila kichwa kilichoingia. Akimwingiza asiyestahili, shirika linaweza kukataa kulipa. Wapo pia wanaojaribu bahati yao, na kadi za dhahabu zilizokwisha muda nimeziona zikinyooshwa. Kwa hiyo kukagua ni haki yao, sikatai hata kidogo. Mwaka jana nilisafiri na shirika lisilokuwemo kwenye muungano wangu, nikajisahau, nikaenda launji. Nikaelezwa kwa maneno mawili kwamba ndege hii haimo, nikasema ahsante nikaondoka zangu. Ule ulikuwa ukaguzi. Ule nauheshimu.

Lakini ukaguzi maana yake ni mashine kwanza. Weka bodingi pasi, ikikataa ndipo uulize. Jumatano ile mashine ilikuwepo mezani, inafanya kazi, ndiyo iliyowaingiza watalii wawili mbele yangu. Kwangu mimi haikutumika kwa dakika arubaini. Macho ndiyo yaliyotumika. Na macho yalipomaliza kazi yao yakaamua kwamba mwanamke wa buibui mwenye mama wa kanga hawezi kuwa na kadi ya dhahabu.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba aliyenifanyia ni mtu wa hapa hapa, anazungumza kama ninavyozungumza. Huko nje nimeshaulizwa maswali mengi kwenye viwanja vya watu, nikameza, nikijua niko ugenini. Kwetu Unguja nimeze nini? Nani kamfundisha huyu binti kwamba mwenye haki ana sura fulani? Sidhani alizaliwa nalo. Amefundishwa kazini, au hakufundishwa lolote akaachwa aokote mwenyewe, na hapo lawama inapanda juu yake kwenda kwa waliomweka pale bila kumpa masharti yaliyoandikwa.

Jambo jengine la sisi watu wa visiwani, nalo ni la kweli, ni majina. Paspoti imeandikwa Khamis, wakala kaandika Hamis, uanachama ulifunguliwa kwa Khamisi. Au Abdalla na Abdulla, Salim na Salum. Halafu majina yetu ni matatu, la mtu, la baba na la babu, na mashine za mashirika zinataka jina la ukoo. Hitilafu ya herufi moja inatosha kufanya namba ya uanachama isishikane na tiketi, na isiposhikana alama haichapwi, ukifika mlangoni huna pa kusimamia. Jirani yangu mfanyabiashara wa Wete ilimtokea hiyo, akazunguka kaunta na launji mara tatu mpaka ndege ikaitwa. Kwa hiyo wasafiri wenzangu, mkikata tiketi mwambieni wakala aandike kama paspoti ilivyo, herufi kwa herufi, na uanachama nao usomeke hivyo hivyo. Alama isipotoka, msiondoke kaunta. Pale ndipo inaporekebishwa, mlangoni hairekebishwi.

Mimi langu lilikuwa sawa, alama ilikuwepo. Ndiyo maana sina udhuru wa kumtolea mtu.

Nimeandika malalamiko kwa shirika langu, nimeambatanisha picha ya bodingi pasi na saa tuliyofika mlangoni na saa tuliyoingia. Jibu la kwanza limekuja, linasema wanathamini maoni yangu. Sikutoa maoni. Nilieleza kwamba mgonjwa aliwekwa nje dakika arubaini akiwa na haki ya kuwa ndani. Nimewaandikia tena, nikataka vitu viwili kwa maandishi: kwamba kila anayefika mlango ule, awe na kaptura au buibui, bodingi pasi yake inapita kwenye mashine kabla ya swali lolote, na kwamba shaka ikitokea, mgonjwa, mzee na mtoto wanakaa ndani wakati wakubwa wanasemezana. Pesa sitaki. Vocha ya maili wasinitumie.

Nataka pia mama aombwe radhi. Yeye, kwa jina lake, kwa barua au kwa simu, kwa Kiswahili. Ameniuliza jana, daktari alipotoka, kama wakati wa kurudi itabidi tupite mlango kama ule tena. Nikamwambia hapana mama, kurudi tunashuka tu moja kwa moja nyumbani. Akashusha pumzi.

Waliokutwa na jambo hili mlangoni pale waandike hapa chini, tarehe na saa, na walichoulizwa. Majina ya wafanyakazi msiyaweke, wale ni watoto wa watu na mimi shida yangu iko kwa waliowaweka. Nikirudi Unguja nitayachapa yote pamoja na yangu na kuyapeleka mwenyewe kwa mkono.