Mchezo wa kuigiza kuhusu ghasia za 2008: tutawaponya watu au tutatonesha vidonda?

Mwalimu wa Maigizo, Molo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha katika shule moja ya upili upande wa Molo, kaunti ya Nakuru, na ndimi mlezi wa chama cha maigizo. Wengi wenu mnajua kwamba eneo letu liliungua mwaka 1992, likaungua tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika ghasia ambazo Tume ya Jaji Waki, iliyoundwa kuzichunguza, ilisema ziliua watu 1,133 nchini kote. Wanafunzi wangu wa leo walizaliwa baada ya hapo, lakini wamekulia katika ukimya wa wazazi wao. Majirani huuziana viazi sokoni, huzikana, huketi pamoja katika baraza la chifu, ila hakuna anayemwuliza mwenzake alikuwa wapi usiku ule.

Muhula huu wanafunzi wenyewe waliandika mchezo kuhusu usiku wa kuchomwa kwa kijiji. Mazoezi yalipoanza, mama mmoja aliyepoteza nyumba yake wakati ule alikuja shuleni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mtoto wangu hatashika kiberiti hata kwa kuigiza." Baadaye mzazi wa upande wa pili akataka kujua kwa nini wachomaji wote katika mchezo wana majina ya kabila lake. Nimesimamisha mazoezi. Naamini sanaa inaweza kufanya kile ambacho mabaraza na semina za amani hazijaweza, na uchaguzi wa 2027 unakaribia. Hata hivyo sitaki kufungua jambo nisiloweza kulifunga. Waliowahi kufanya kazi ya namna hii wanishauri: mchezo uendelee, ubadilishwe, au uachwe?

Mpiga Picha, Nakuru

Mwalimu, nakuomba usiuache. Viongozi wa pande mbili, Kibaki na Raila, walitia saini mkataba wao wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008, na tangu hapo sisi wananchi tumehimizwa kusonga mbele na kusahau. Mwaka 2009 Boniface Mwangi, aliyekuwa amezipiga picha ghasia hizo akiwa mwanahabari, alianzisha maonyesho ya Picha Mtaani. Picha zilisimamishwa hadharani, mahali ambapo mchuuzi, mwanafunzi na mzee wa kanisa wote wanapita, zikapelekwa mji baada ya mji. Watu waliyatazama mapanga, moto na maiti, wakayazungumza papo hapo yale waliyokuwa wakinong'onezana nyumbani. Ukimya unawalinda waliotenda kuliko waliotendwa, na kwa hilo sitabadilisha msimamo.

Mshauri Nasaha, Mombasa

Ninakubaliana na kaka hapo juu kuhusu ukimya, lakini picha na mchezo havifanani. Anayepita mbele ya picha anaweza kugeuza uso akaenda zake; mtoto aliyepewa nafasi ya mchomaji, na mama aliyeketi mstari wa mbele, hawana pa kwenda.

Mwalimu, yule mama hakukukatalia sanaa. Amekueleza mpaka wake ulipo, na mtu anayeweza kuutaja mpaka wake ni wa kumsikiliza kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kiwewe hukaa mwilini: harufu ya moshi, mlio wa bati, kelele za vijana gizani, na mtu ambaye kwa miaka mingi ameonekana mzima anaganda, anatetemeka, au anaondoka bila kuaga na halali usiku kucha. Kwa hiyo asiigize mtu habari yake mwenyewe wala ya mzazi wake. Mtu aliyepitia mambo hayo huweza kuyasema kwa urahisi zaidi akiyaweka katika kinywa cha mhusika wa kubuni, hata fisi na sungura wa ngano za bibi zetu, kwa kuwa anaweza kumwacha mhusika huyo jukwaani na kurudi nyumbani bila yeye. Msiruhusu simu kurekodi. Na kabla ya kutaja tarehe ya onyesho, tafuta mshauri kutoka hospitali iliyo karibu ambaye atakuwapo siku hiyo na atapatikana wiki zinazofuata, maana wengi huzidiwa baada ya wageni kuondoka na viti kurudishwa darasani.

Mtafiti, Huye

Mwalimu, huku Rwanda swali lako tumelibeba kwa miaka mingi. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyozozana juu ya ardhi hadi kimoja kinakivamia kingine. Hatajwi Mhutu wala Mtutsi, na bado kila msikilizaji alielewa. Nadhani hilo linamjibu yule mzazi aliyelalamikia majina, na malalamiko yake yalikuwa ya haki.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja, vingine vikisikiliza mchezo huo na vingine mchezo wa redio wa mambo ya afya, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanafaa kusomwa na kila mwenye kazi hii. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona lipi linakubalika katika jamii yao, na pia matendo yao. Walipoachiwa redio na kanda waamue wenyewe zitunzwe vipi, waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo, ilhali waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakapingana waziwazi, wakaelekea kuzisimamia kwa pamoja. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza kama wazazi wa Molo sasa wanapendana. Angalia kama yupo aliyethubutu kusema mbele ya watu jambo ambalo watu wa upande wake hawakutaka kulisikia.

Tena si lazima sanaa izungumzie vita hata kidogo. Mwaka huohuo wa 2004, hapa Huye, wakati huo Butare, Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake wapiga ngoma katika nchi ambako ngoma ilikuwa ya wanaume. Wamo wajane wa mauaji ya kimbari, na wamo wanawake ambao waume zao walishiriki katika mauaji hayohayo. Kinachowakutanisha ni kujifunza mapigo pamoja, na katika ngoma asiyemsikiliza aliye kando yake huharibu kazi ya wote. Mwaka 2010 kikafunguliwa kiduka cha aiskrimu mjini ambacho kiliwapa baadhi yao kazi na kipato. Ninalitaja hili makusudi, kwa sababu mradi wa sanaa unaomrudisha mjane nyumbani na makofi peke yake hauwezi kudumu.

Mwigizaji, Bukavu

Nawasalimu wote kutoka Kivu, ambako vita havijawa habari ya zamani. Sisi hucheza michezo ya ushirikishi, ambayo mzizi wake ni Mbrazili Augusto Boal. Igizo fupi huchezwa hadi mahali pabaya, kisha huanzwa upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" akapanda kuchukua nafasi ya mhusika. Kanuni moja tunaishikilia sana: haruhusiwi kuchukua nafasi ya mshambuliaji na kumgeuza mwema kwa ghafla, maana huo ni uongo ambao waathirika huutambua mara moja. Huchukua nafasi ya anayeonewa, au ya jirani aliyejua na akanyamaza.

Basi, Mwalimu, rudisha mchezo wenu nyuma kwa siku chache. Uacheni usiku wa moto; kila mtu Molo anaujua. Onyesheni jikoni, simu inaingiza ujumbe wa kuwatisha watu wa kabila fulani wahame, baba anausoma, anaufuta, anaendelea kula, na jirani wa kabila hilo yuko ng'ambo ya ua akikamua ng'ombe. Hapo kiberiti hakihitajiki tena. Katika igizo letu moja mke alijua kuwa shambulio linakuja. Mama mmoja kutoka kwa watazamaji alichukua nafasi yake, akavaa viatu, akaenda kugonga mlango wa jirani. Kijana akamwuliza kutoka chini ya mti, "Na wakikuua wewe?" Mama hakuwa na jibu, na mimi niliyekuwa naongoza sikumpa. Watu walijadiliana muda mrefu kuliko igizo lenyewe, na hayo mazungumzo ndiyo tuliyoyaendea.

Mwalimu wa Maigizo, Molo

Nawashukuru kwa dhati. Nitakwenda kwanza nyumbani kwa yule mama, peke yangu, kabla ya kuwaita wanafunzi. Mchezo tutaurudisha nyuma kama alivyoshauri ndugu wa Bukavu, na majina ya makabila yataondoka yote. Onyesho la kwanza litakuwa la wazazi tu, bila simu na bila mgeni rasmi, mshauri akiwapo. Bado jambo moja linanitia hofu: nifanye nini iwapo mtazamaji atasimama na kumtaja kwa jina mtu aliye palepale uwanjani kwamba ndiye aliyemchomea nyumba?

Mwigizaji, Bukavu

Limewahi kututokea. Kiongozi husimamisha igizo, huwatoa waigizaji jukwaani, na hasemi kwamba aliyetaja jina amekosea. Wewe huna mamlaka ya kupokea ushahidi wala ya kumsafisha mtuhumiwa, na wanafunzi wako ni watoto. Kwa hiyo patana mapema na wazee wawili wanaoheshimiwa, mmoja kutoka kila upande, pamoja na mshauri, ili wamwendee aliyesema na aliyetajwa, kila mmoja kando, siku hiyohiyo. Kama akitaka kulipeleka suala lake kwenye sheria, wasimzuie. Usipopata wazee wawili wanaokubali kazi hiyo, usifanye onyesho bado. Anza na kwaya au ngoma, na uendelee kuwatafuta.